Treni Inakatwa Tabora: Historia ya Stesheni ya Unyamwezini

Abiria wa Reli ya Kati anaweza kulala fofofo kutoka Dodoma, lakini Tabora ataamka tu. Treni inasimama, injini inafunguliwa na kwenda zake, kisha kimya. Baada ya muda linasikika pigo la chuma kwa chuma, aliyelala kitanda cha juu anashika ukingo, mtoto anaanza kulia, na mtu mmoja gizani anasema, "Tulieni, treni inakatwa." Maana yake mabehewa ya Mwanza yanatolewa katika yale ya Kigoma, na ya Mpanda yanatafutiwa nafasi yake. Nje, katikati ya behewa na behewa, kijana mwenye taa ya mkono amechuchumaa. Anachomoa mpira wa breki, upepo unatoka kwa mlio mrefu kama wa mtu aliyetua mzigo, anainua taa, injini inavuta hatua chache. Watu waliokula pamoja tangu Morogoro, wakaazimana vikombe na kushikiana watoto, wanaagana kupitia madirishani. Huyu anaelekea ziwa hili, yule anaelekea ziwa lile.

Mji huu umezoea kukata safari za watu. Kabla ya kuwapo chuma hata kimoja ardhini, misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani ilikuwa ikivunjwa hapa hapa. Mpagazi aliyeandikwa pwani aliandikwa mpaka Unyanyembe, nchi yenye mji huu. Akifika alilipwa kilichobaki cha ujira wake, akatua mzigo, akarudi kwao kulima au akajiandika upya kwa tajiri mwingine. Tajiri naye alikaa Kazeh, kama mji huu ulivyoitwa wakati huo, wiki nyingi, pengine miezi, akitafuta wapagazi wapya, akingoja mvua zikatike, akiulizia habari za vita njiani. Kutoka hapo njia ziligawanyika: moja kwenda Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mpaka Manyema, moja kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, nyingine kusini kuelekea Ufipa. Ukiitazama vizuri ramani ya reli ya leo, sehemu kubwa ni njia zile zile za miguu, zimepigiliwa misumari.

Wenyeji husimulia kwamba hata jina la Tabora limetokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikauke. Hicho ni chakula cha safari. Hakiozi upesi, ni chepesi mzigoni, na ukikitafuna na karanga unakwenda nacho mchana kutwa. Treni ikisimama stesheni, mama mwenye sinia kichwani bado anapita chini ya madirisha akitaja bei ya matobolwa, na nyuma yake binti yake ameshika chupa za asali ya miombo, nyeusi na nzito, iliyotoka misitu ya Sikonge. Mji uliopata jina lake kwa chakula cha wasafiri, kama wasimuliavyo wazee, haujaacha kuwalisha.

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani kutoka pwani. Walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu, katika mji wa nyumba za tembe zenye paa bapa la udongo na ua wa ndani. Henry Morton Stanley alifika mwaka 1871. Mwaka uliofuata alirudi pamoja na David Livingstone, wakakaa Kwihara, kilomita chache kutoka katikati ya mji, na Livingstone akabaki pale mpaka Agosti 1872 akingoja wapagazi ambao Stanley alimtumia kutoka pwani. Tembe ile ipo mpaka leo, ni makumbusho. Mwaka 1873 wapagazi hao hao, Susi na Chuma wakiwaongoza, walipita tena Unyanyembe, safari hii wamebeba mwili wa Livingstone kuupeleka pwani.

Ninawataja wapagazi makusudi. Vitabu vingi vya njia hii vimeandikwa kwa majina ya waliotembea mikono mitupu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, achilia mbali mkeka wake, chungu chake, chakula chake na silaha yake. Wakati wa kwenda bara alibeba marobota ya merikani, shanga na nyaya za shaba; wakati wa kurudi alibeba pembe za ndovu, na pembe kubwa moja ilitosha kuwa mzigo wa mtu mzima au wawili. Mbele yao alitembea kirangozi, amejipamba manyoya na kitambaa chekundu, anajua kisima kilipo na mtemi gani anadai hongo, yaani ushuru wa njia. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hiyo, na kijana wa Kinyamwezi ambaye hajaiona pwani alihesabika kuwa bado hajakua. Njia hiyo hiyo iliwapitisha mateka waliofungwa kamba na minyororo, walionunuliwa na kuibwa kutoka Manyema, Ufipa na kwingineko. Miembe mikubwa inayoonekana Tabora, Ujiji na vituo vingine vya njia ile ilioteshwa zama za misafara, na kivuli chake kimewapumzisha waliokwenda kwa hiari na wasiokuwa na hiari. Baadhi ya wazao wa watu wa Manyema wamebaki Tabora, ni wenye mji, na mji wenyewe huitwa kwa mapenzi Mboka Manyema.

Wajerumani waliingia kwa damu. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipambana nao mpaka Januari 1893, na ngome yake ilipovunjwa aliilipua baruti akiwa ndani. Baada yake likaja boma, kisha wazo la reli.

Kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule wa kuanza vita vya Maji Maji. Kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann ilijenga, na fedha za Deutsche Bank zikawa nyuma yake. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni kilomita 840 hivi, na kutoka Tabora hadi Kigoma ni 411. Upana wake ulikuwa mita moja, na huo ndio upana wa reli hiyo hadi leo. Wakandarasi wadogo wengi walikuwa Wagiriki. Mikono iliyochimba tuta, iliyobeba mataruma ya chuma begani na kuyalaza, kwa sehemu kubwa ilikuwa ya Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma. Waliacha mzigo wa pembe wakapokea mzigo wa reli, na kila kilomita waliyoimaliza ilipunguza kazi ya baba zao. Behewa moja la tani 10 lilibeba mzigo wa wapagazi zaidi ya 300, tena bila kula ugali. Safari ya miezi mitatu ikawa ya siku mbili. Kambi za misafara zilizokuwa zikinunua nafaka na mbuzi njia nzima zikabaki bila wateja, ila zile zilizobahatika kuangukiwa na stesheni.

Stesheni ya Tabora ilijengwa kwa namna iliyoonyesha kwamba Wajerumani hawakukusudia kuondoka. Kuta nene, paa la mteremko, jengo la kutazamwa na mgeni tangu mbali. Kwa hesabu zao huu ndio uliokuwa mji wenye watu wengi kuliko yote katika koloni lao, na hapa ndipo walipotaka kuanzia reli ya kwenda Rwanda. Mwaka 1914 walianza kuinua tuta la kaskazini. Kisha vita ikaja.

Miaka ile miwili, kati ya 1914 na 1916, ndiyo ya ajabu kuliko yote katika historia ya stesheni hii. Kwanza yalipita makasha ya meli. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha 5,000 hivi na kuletwa kwa reli hadi upande wa Kigoma, ikaungwa upya ziwani mwaka 1915. Ndiyo MV Liemba tunayoijua. Fikiria mpanga mabehewa wa Tabora akipitisha meli nzima katikati ya nchi kavu, kasha baada ya kasha.

Jambo la pili ni fedha. Manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani, sarafu za kutoka Ulaya haziji, na serikali ya koloni imehamia Tabora. Hivyo mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora, iliyokuwa Lulanguru magharibi ya mji, ikageuzwa kiwanda cha kupiga fedha. Mafundi wa reli walipiga heller za shaba ya manjano, kisha wakapiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke, Singida. Upande mmoja ina tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima. Zilipigwa zaidi ya 16,000. Sarafu hizo leo hutafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima na huuzwa kwa bei kubwa mno, na zina herufi moja ndogo, T, yaani Tabora. Nimewahi kuiona moja ikiwa nyuma ya kioo. Ni ndogo, inatoshea kwenye ncha ya kidole gumba, na tembo wake ana hasira.

Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Kibelgiji kutoka Kongo, likiongozwa na Jenerali Charles Tombeur, liliuteka mji. Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja na kuharibu injini walizoshindwa kwenda nazo. Wabelgiji waliuona ushindi huo mkubwa kiasi cha kumpa jenerali wao ubaroni wa Tabora, na mjini Brussels hadi leo kuna mtaa unaoitwa Tabora. Askari na wapagazi wa Kikongo waliokufa katika vita ile hawakupata mtaa. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikamatwa vijijini, wa upande huu na wa upande ule, kwenda kubeba risasi na chakula pale reli isipofika. Upagazi ulirudi, safari hii bila ujira wa maana na bila kirangozi wa kujipamba manyoya.

Waingereza walipopewa Tanganyika walirithi reli yenye majeraha. Mwanza wakati huo ilifanya biashara na Kenya. Pamba ya Usukuma ilivuka ziwa kwa meli hadi Kisumu, ikapanda reli ya Uganda mpaka Mombasa, na Dar es Salaam ikabaki kutazama. Ndiyo sababu serikali ya Tanganyika ilishikilia kujenga njia ya Tabora hadi Mwanza, karibu kilomita 380, ikianzia kwenye tuta la Wajerumani lililoachwa na kukamilika mwaka 1928. Kuanzia siku hiyo Tabora ikawa njia panda ya chuma. Bukene, Isaka, Shinyanga, Malampaka: majina yaliyokuwa ya vijiji yakaandikwa kwenye vibao vya stesheni. Baadaye, kuelekea 1950, iliongezwa njia ya kutoka Kaliua kwenda Mpanda, kufuata madini ya risasi. Mradi mkubwa wa karanga uliofika Urambo baada ya Vita Kuu ya Pili ulikufa kwa hasara, lakini tumbaku iliyoufuata ilijaza mabehewa kwa miaka mingi.

Njia panda ilihitaji watu, na hapo ndipo stesheni ilipogeuka kuwa taasisi. Kulikuwa na stesheni masta, karani wa tiketi, karani wa mizigo, gadi, dereva, mtia makaa na kuni, mpanga mabehewa, fundi wa karakana, na magenge ya kukaza misumari yaliyogawiwa kila moja kilomita zake. Kwa miaka mingi ya Waingereza ngazi za kazi zilifuata rangi: Mzungu juu, Mhindi na Mgoa katikati kwenye vitabu na simu, Mwafrika chini kwenye makaa na nyundo. Mabehewa nayo yaligawanywa kwa namna hiyo hiyo, ingawa tiketi haikuandika rangi, iliandika daraja la kwanza, la pili na la tatu. Kota za reli zilipangwa vivyo hivyo.

Lakini reli ilikuwa na jambo ambalo shamba la mkonge halikuwa nalo: wafanyakazi wake waliongea na nchi nzima. Habari iliyotoka Dar es Salaam usiku ilifika Tabora na gadi, ikaenda Mwanza na dereva. Mgomo wa Septemba 1947 ulioanzia bandarini Dar es Salaam ulipanda reli na kufika bara kabla watawala hawajajua la kufanya. Mwaka 1955 kikaundwa chama cha wafanyakazi wa reli, TRAU, na mwaka 1960 chini ya Christopher Kasanga Tumbo, mtu wa Unyamwezini, kiligoma kwa siku 82. Siku 82 bila mshahara, katika kota ambazo nyumba yenyewe ni ya mwajiri. Nadhani historia yetu ya uhuru imewataja wanaume na wanawake wa kota zile kidogo mno. Tunakumbuka mikutano, tunasahau sufuria zilizokaa bila kitu jikoni.

Mikutano nayo ilipitia hapa. Wanafunzi wa Tabora School walishuka kwenye jukwaa hili na masanduku yao ya mabati kutoka kila upande wa Tanganyika. Julius Nyerere alisoma shule ile kuanzia 1937 hadi 1942, akarudi mjini mwaka 1946 kufundisha St. Mary's. Januari 1958 TANU ilifanya Tabora mkutano wake wa kuamua kama chama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu, uchaguzi ambao kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Uamuzi uliofikiwa uliitwa Uamuzi wa Busara. Mji ambao reli za mashariki, magharibi na kaskazini zinakutana ulikuwa mahali pepesi pa kuwakusanya wajumbe.

Tangu mwaka 1948 reli za Tanganyika, Kenya na Uganda zilikuwa shirika moja, East African Railways and Harbours. Kijana wa Tabora aliweza kuhamishiwa Nakuru au Tororo na kurudi na mke wa huko, na Chuo cha Reli cha Tabora kilifundisha vizazi vya watu wa kazi hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika likagawanywa, na upande wetu likazaliwa Shirika la Reli Tanzania. Injini ziligawanywa, mabehewa yaligawanywa. Haki za waliotumikia Jumuiya zilichukua miaka mingi kupatikana, na wastaafu wengi walizeeka wakipanga foleni, na wengine wakafa kabla ya foleni kufika dirishani.

Mzee mmoja wa kota, aliyekuwa gadi, alinikaribisha kwake tukaongea jioni nzima. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda, kisha akamwita mjukuu: "Niletee lile sanduku la babu." Ndani mlikuwa na filimbi, bendera mbili zilizokunjwa, nyekundu na kijani, na kitabu cha kazi chenye jalada gumu, kurasa zake zimekuwa za rangi ya chai. Kila uhamisho umeandikwa na kupigwa mhuri: Tabora, Voi, Tabora, Dodoma, Tabora. Alikipapasa kitabu kwa kiganja kabla hajakifungua, kama mtu afanyavyo kwa msahafu. "Mwanangu," aliniambia, "gadi halali Tabora. Ukilala, behewa la Mpanda litakwenda Mwanza, na ndani yake kuna mgonjwa anayengojwa na ndugu zake stesheni nyingine kabisa." Aliniambia usiku mmoja wa mvua alikimbia na taa kando ya treni iliyokwisha kuanza kutambaa, kwa sababu mwanamke aliyeshuka kununua maji alimwacha mtoto ndani ya behewa lililokatwa. Alimfikishia mtoto wake. Jina lake hakuliuliza.

Kwa reli yenyewe, miaka iliyofuata kuvunjika kwa Jumuiya ilikuwa migumu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009, zilisomba tuta kati ya Kilosa na Gulwe na kuitenga Tabora na pwani. Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma bila breki na kugonga treni ya mizigo Igandu, Dodoma, wakafa watu 281. Mwaka 2007 reli ilikodishwa kwa kampuni ya RITES ya India kwa mkataba wa miaka 25. Haikumaliza hata miaka minne, Serikali ikairudisha mikononi mwake. Malori yalichukua mzigo, mabasi yakachukua abiria, na lami ilipofika Tabora wengi walidhani stesheni imekwisha. Haikwisha, kwa sababu mwenye magunia matatu ya mchele na watoto wanne bado anajua hesabu ya nauli ya treni na ya basi.

Sasa inajengwa reli ya tatu katika njia hii, ukiihesabu ile ya miguu kuwa ya kwanza. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, ulitiwa saini Desemba 2021. Wa Tabora hadi Isaka, kilomita 165, na wa Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ilitiwa saini mwaka 2022. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma treni za umeme zimekuwa zikibeba abiria tangu katikati ya mwaka 2024. Njia mpya ina upana wa milimita 1,435, ya zamani ina milimita 1,000, na behewa la hii haliwezi kupita kwenye ile. Kwa hiyo stesheni mpya inakuja na jukwaa lake, na siku itafika ambapo abiria wa Kigoma na wa Mwanza hawatapita tena chini ya paa la Wajerumani. Ninaifurahia reli mpya kwa moyo wote. Mama wa Nguruka anayempeleka mtoto hospitali ya rufaa anastahili kufika siku ile ile.

Ila jengo la zamani lisiachwe likawa ghala la saruji, wala lisibomolewe kupisha maduka. Tembe ya Kwihara ilihifadhiwa kwa sababu mgeni maarufu alilala humo. Stesheni hii wamelala humo watu wetu wenyewe, sakafuni, juu ya magunia yao, kizazi baada ya kizazi. Ikifanywa makumbusho ya reli na upagazi kwa pamoja, mwanafunzi wa Tabora ataweza kuona mahali pamoja mzigo wa frasila mbili, taruma la chuma la mwaka 1912, na taa ya gadi. Vitu hivyo havijapotea. Vingine vimo uvunguni mwa vitanda, katika kota za Tabora, Morogoro, Kigoma na Mwanza.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama kwenu kuna sanduku la babu au la bibi aliyefanya kazi reli, lifungue ukiwa naye kama bado yu hai. Mwulize alihamishwa wapi, mwaka gani, na nani alikuwa stesheni masta. Andika jina lake na majina ya wenzake nyuma ya kila picha. Kitabu cha kazi usikichome pamoja na makaratasi mengine wakati wa kuhama nyumba. Kipeleke kwa watu wa makumbusho au wa nyaraka za taifa, au kiweke pakavu mpaka watakapokuja kukiuliza.